Jicho linavyotoboa siri ya sikio

Simama kando ya Barabara ya Chang'ombe, Dar es Salaam, jioni, wanafunzi wanapotoka, uwatazame watu badala ya magari. Bodaboda ikipiga honi, macho yanageuka, shingo inafuata. Hakuna aliyewaambia honi imetoka wapi.

Kugeuka huko kumewapa wanasayansi kipimo. Ukimuuliza mtu sauti imetoka wapi, atasema "kule", na "kule" haipimiki. Jicho linapimika. Mwaka 1963 David Robinson wa Marekani alieleza njia: waya mwembamba hushikizwa kwenye jicho, mhusika akakaa katikati ya uga wa sumaku, na umeme unaozaliwa kwenye waya huonyesha jicho limeelekea wapi. Gizani sauti fupi hulia, jicho likaruka kuifuata, na mtafiti akasoma limekosea kwa digrii ngapi.

Kinachopimwa ni hesabu ya ubongo. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia mapema kuliko la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kichwa nacho huikinga, ikalifikia sikio la mbali imepungua nguvu. Juu na chini hutambuliwa kwa mikunjo ya sikio la nje. Mwaka 1998 Paul Hofman na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, waliwavika watu masikioni vipande vilivyobadili mikunjo hiyo. Macho yao yakaanza kukosea juu na chini, huku kulia na kushoto yakiendelea kupatia. Baada ya wiki kadhaa ubongo ukajifunza upya.

Shingo nayo ina kazi. Sauti ya mbele na ya nyuma zinaweza kufika masikioni kwa namna ile ile. Mwaka 1940 mtafiti Hans Wallach alionyesha kuwa kichwa kikigeuka kidogo, utata huo huondoka.

Basi kusikia ni jambo moja, kujua sauti ilikotoka ni jingine, na hili la pili linategemea sana masikio yote mawili. Mtoto mwenye sikio moja zima huitika akiitwa, huimba na wenzake, na nyumbani hakuna anayeshtuka. Lakini mwite kutoka nyuma: atageukia upande usio sahihi, atatafuta huku na huku. Darasani ataitwa mtukutu. Barabarani atasikia honi asijue akimbilie wapi.

Chang'ombe ndiko kilipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, kinachoandaa walimu. Kila mwalimu anayehitimu pale angefaa kujua kuzitazama shingo za wanafunzi wake. Mwite mtoto kwa sauti ya kawaida akiwa hakuoni, mara upande huu, mara ule. Akikosea mara kwa mara, mzazi ashauriwe kumpeleka kwa daktari wa masikio, naye mwalimu amkalishe mbele, sikio zima likimwelekea. Na wote wamzoeze kusimama na kutazama pande zote kabla ya kuvuka, maana barabarani macho yake hayawezi kungoja kuelekezwa na sikio.