Je, Wajua? Nati moja huifichua silinda mbovu
Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Basi injini yenye pampu ya zamani ikianza kumisi na kutoa moshi mweupe, fundi huiacha ingurume bila kukanyaga mafuta, kisha hulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine. Dizeli ikivuja na mlio ukadhoofika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Mlio usipobadilika, tatizo liko hapo.

Usithubutu kufanya hivyo kwenye injini ya kisasa ya mfumo wa komoni reli (common rail)! Presha yake huweza kupita baa 1,000, na mchirizi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi. Aliyechomwa akimbizwe hospitali, hata kama tundu halionekani vizuri.