Mbwa akienda likizo jangwani, nani atabaki naye?

KWETU sisi wengi, mbwa ni mlinzi. Hulala nje, hubweka usiku na kulishwa makombo. Lakini ndugu msomaji, ukialikwa na jamaa yako anayeishi Marekani mwende kutalii wakati wa likizo, usishangae kumkuta mbwa ameingia garini kabla yako, tena amekalia kiti kizuri!

Gari lenyewe si la kawaida. Ni nyumba iliyotiwa magurudumu. Ndani mna vitanda, jiko, friji, choo na matangi ya maji safi na maji taka. Familia nyingi huko husafiri kwa magari kama haya hadi majimbo ya Utah na Arizona, nchi ya jangwa na makorongo ya mawe mekundu.

Korongo linalojulikana zaidi ni Grand Canyon, Arizona. Lilichimbwa na mto Colorado na lina urefu wa kilomita 446, na kina chake chapita kilomita moja u nusu. Lilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1919.

Je, mbwa anaruhusiwa kuteremka humo? La hasha! Kwenye ukingo wa kusini anaweza kutembea nawe katika njia za juu, akiwa amefungwa kamba isiyozidi mita 1.8. Kuteremka ni marufuku. Katika mbuga za Arches na Canyonlands, Utah, haruhusiwi kwenye njia yoyote ya kutembelea kwa miguu. Katika mbuga ya Zion ameachiwa njia moja tu, iitwayo Pa'rus. Sababu mojawapo ni kwamba harufu ya mbwa huwatia wanyama wa pori hofu.

Hapo ndipo mambo huanza kuwa magumu. Mmesafiri mbali na watoto wana hamu ya kuteremka. Baba anasema, "Tumwacheni mbwa garini, kuna mashine ya kupoza hewa."

Hebu tafakari kidogo, msomaji. Mashine hiyo hutumia stima. Katika kambi ya Mather, iliyo kwenye ukingo wa kusini, hakuna stima ya kuunganisha gari, na jenereta huruhusiwa kwa saa maalumu tu. Kambi jirani ya Trailer Village ina stima, lakini sisi tuliozoea taa kuzimika bila taarifa tunajua kwamba stima si ya kutegemewa mia kwa mia.

Ikizimika, gari hugeuka tanuri. Joto la nje likiwa nyuzi 29 tu, ndani ya gari lililofungwa hufika nyuzi 40 kwa muda wa dakika 10. Naye mbwa hatoki jasho mwili mzima kama wewe. Hujipoza hasa kwa kuhema, ulimi nje. Hewa anayovuta ikiwa moto, kuhema huko hakumfai, na anaweza kufa upesi. Hawezi kufungua mlango wala kuita jirani.

Basi ufanye nini? Kwanza, pangeni zamu. Wawili wateremke asubuhi huku mmoja akibaki na mbwa kivulini, kisha mbadilishane siku ya pili. Au mpelekeni katika banda la kutunzia mbwa lililo kwenye ukingo wa kusini, ambako hulipiwa na cheti cha chanjo huhitajika. Au chagueni mahali panapomkubali. Katika bustani ya jimbo ya Dead Horse Point, karibu na mji wa Moab, Utah, mbwa aliyefungwa kamba huruhusiwa kwenye njia za miguu.

Pili, tembeeni alfajiri. Kabla ya kuondoka, weka mgongo wa mkono wako juu ya lami au jiwe kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa zitaungua. Bebeni maji yake mbali na yenu.

Tatu, msiegeshe gari kwenye mkondo mkavu, hata kama mchanga wake unavutia. Mnamo Agosti 12, 1997, watalii 11 walifariki katika korongo la Antelope, Arizona, baada ya kusombwa na maji ya mvua iliyonyesha mbali. Hata nyumbani tuliyaona hayo katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mwaka wa 2019, watu saba walipopoteza maisha.

Kwa hivyo msomaji, kabla gari halijawashwa, kaeni kitako nyote mwulizane: nani atabaki na mbwa, na siku gani? Mkikosa jibu, heri abaki nyumbani kwa jirani mwema. Tahadhari kabla ya hatari.