Ushauri wa Daktari wa Pili Kabla ya Kurudia Upasuaji wa Valvu ya Moyo: Haki ya Mgonjwa na Wajibu Wake

Na Mwandishi Wetu, Babati

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, upo kwenye makutano ya barabara kuu ziendazo Arusha, Dodoma na Singida. Mgonjwa wa moyo anayeishi hapa anapohitaji huduma za kibingwa bobezi, hana budi kushika mojawapo ya njia hizo. Safari hiyo huwa nzito zaidi kwa mtu ambaye aliwahi kufunguliwa kifua na kuwekewa valvu, akaishi miaka kadhaa kwa nafuu, kisha siku moja akaambiwa kliniki kwamba valvu ile haifanyi kazi ipasavyo na huenda akahitaji upasuaji mwingine.

Swali linalomjia mgonjwa na familia yake ni moja: Je, ni lazima? Wengi hulibeba swali hilo kimya kimya kwa kudhani kwamba kutaka maoni ya daktari mwingine ni kumvunjia heshima daktari wa kwanza. Wengine huacha kliniki kwa hofu na kurejea hospitalini wakati moyo umekwisha kuchoka. Makala haya yanaeleza kwa nini upasuaji wa valvu huweza kurudiwa, kwa nini madaktari huweza kutofautiana, na namna ya kutafuta ushauri wa pili bila kupoteza muda wala kuhatarisha maisha.

Kazi ya valvu na sababu za kuharibika kwake

Moyo una valvu nne zinazofanya kazi kama milango ya upande mmoja. Hufunguka kuruhusu damu kupita na kufunga ili isirudi nyuma, takribani mara 100,000 kwa siku. Valvu ikisinyaa, damu hupita kwa shida. Ikilegea, damu huvuja kurudi ilikotoka. Katika hali zote mbili misuli ya moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada hadi inapodhoofika.

Katika Afrika Mashariki, chanzo kikubwa cha maradhi haya kwa watoto na vijana ni homa ya baridi yabisi, ambayo hufuatia maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoka yasipotibiwa ipasavyo. Uzito wa tatizo hili uliifanya Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2018 upitishe azimio la kuzitaka nchi ziongeze jitihada za kuukinga na kuutibu ugonjwa huo. Kwa kuwa huwapata watu wakiwa wadogo, anayewekewa valvu akiwa na miaka 17 ana maisha marefu mbele yake, na uwezekano wa kurudi kwenye chumba cha upasuaji ni mkubwa kuliko kwa mzee wa miaka 70.

Upasuaji wa kubadilisha valvu ulianza kufanikiwa duniani mwaka 1960, wakati daktari Albert Starr wa Oregon, Marekani, alipompandikizia mgonjwa valvu aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Nchini Tanzania, upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi waliohitaji huduma hiyo walipelekwa nje ya nchi, hususan India.

Kwa nini upasuaji hurudiwa

Valvu bandia zipo za aina kuu mbili. Ya kwanza ni ya chuma maalumu na kaboni, ambayo hudumu kwa miaka mingi lakini humlazimu mgonjwa kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, aina ya warfarini, maisha yake yote. Ya pili hutengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe. Hii kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu, lakini huchakaa, aghalabu baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa vijana huchakaa mapema zaidi.

Upasuaji wa pili huweza kuhitajika iwapo valvu ya tishu imechakaa. Iwapo damu imeganda juu ya valvu ya chuma au kovu limeota na kuizuia kufunguka. Iwapo damu inavuja pembeni mwa valvu mahali iliposhonewa. Iwapo valvu imeshambuliwa na vijidudu. Au iwapo valvu ya asili iliyorekebishwa awali imeharibika tena. Kila sababu ina tiba yake, na si zote humaanisha kufungua kifua. Damu iliyoganda, kwa mfano, huweza kwa baadhi ya wagonjwa kuyeyushwa kwa dawa. Valvu ya tishu iliyochakaa huweza kwa baadhi ya wagonjwa kuwekewa nyingine ndani yake kwa kupitisha mrija kwenye mshipa wa damu, teknolojia iliyotokana na kazi ya daktari Alain Cribier wa Ufaransa, aliyeweka valvu ya kwanza kwa njia hiyo mwaka 2002.

Upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza. Makovu ya awali huweza kuushikamanisha moyo na mfupa wa kidari, hivyo daktari hulazimika kuingia kwa uangalifu mkubwa kuepuka kuvuja damu. Ndiyo maana swali la iwapo upasuaji ufanyike, na lini, linastahili kutazamwa na macho zaidi ya mawili.

Kwa nini madaktari hutofautiana

Tofauti ya maoni si lazima iwe dalili ya uzembe. Kipimo cha ultrasaundi ya moyo, kinachofahamika zaidi kama ECHO, hutegemea ubora wa mashine, uzoefu wa mpimaji na hali ya mgonjwa siku hiyo. Moyo unaokwenda mbio kwa sababu ya homa, upungufu wa damu au ujauzito huweza kuonesha mgandamizo mkubwa kwenye valvu kuliko hali halisi. Aidha, valvu ya chuma huakisi mawimbi ya sauti na kuficha sehemu iliyo nyuma yake. Kwa sababu hiyo daktari wa pili huweza kuagiza ECHO ya kupitia umio au picha za CT kabla ya kutoa uamuzi.

Jambo lingine ni wakati. Daktari mmoja huweza kuona ni vyema kufanya upasuaji mapema kabla misuli haijadhoofika, na mwingine akaona mgonjwa anaweza kufuatiliwa kila baada ya miezi michache. Kuharakisha kuna hatari zake, na kuchelewa vilevile. Ushauri wa pili husaidia kujua mgonjwa yupo upande upi.

Njia ya kufuata

Hatua ya kwanza ni kumweleza daktari anayekutibu kwa lugha ya heshima: "Daktari, nakushukuru kwa maelezo. Kwa kuwa jambo hili ni kubwa, naomba barua na nakala za vipimo vyangu ili nipate pia maoni ya bingwa mwingine." Ombi hilo ni la kawaida katika taaluma ya tiba. Kuuliza si ujinga. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki ya mtu kuzifikia taarifa zake binafsi, zikiwemo za afya.

Kwa mkazi wa Babati, mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara, ambapo huandaliwa rufaa kwenda ngazi ya juu kama KCMC mjini Moshi, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma au JKCI. Kufuata utaratibu wa rufaa hulinda kumbukumbu za mgonjwa na kurahisisha masuala ya bima. Mwenye bima aulize mapema kabla ya safari ni vipimo gani vinagharamiwa. Asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Mgonjwa abebe vitu vifuatavyo:

- Kadi ya valvu inayoonesha aina, ukubwa na tarehe ya kuwekwa;
- Taarifa ya upasuaji wa kwanza;
- Majibu ya ECHO za zamani na za sasa, pamoja na picha zake zikiwa kwenye diski au flashi;
- Daftari la vipimo vya INR, kwa anayetumia warfarini;
- Orodha ya dawa zote, zikiwemo za asili.

ECHO za zamani zina thamani ya pekee, kwani kipimo kimoja huonesha hali ya siku moja, bali vipimo vitatu vya miaka mitatu huonesha mwelekeo.

Maswali ya kumuuliza daktari wa pili

- Tatizo la valvu yangu ni lipi hasa, na kipimo gani kimelithibitisha?
- Nini kitatokea nisipofanyiwa upasuaji kwa miezi sita ijayo?
- Je, ipo tiba ya dawa au ya mrija inayonifaa?
- Kwa umri wangu na hali ya moyo, figo na mapafu yangu, hatari ya upasuaji ni ya kiwango gani?
- Timu itakayonihudumia ina uzoefu gani wa kurudia upasuaji wa aina hii?
- Valvu mpya itakuwa ya aina gani, na itabadilishaje maisha yangu?

Swali la mwisho lina uzito kwa mwanamke anayetarajia kuzaa, kwa kuwa warfarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ilhali valvu bandia bila dawa huweza kuganda. Halikadhalika, mwenye msimamo wa kidini kuhusu tishu za nguruwe ana haki ya kuuliza asili ya valvu kabla ya kutia saini.

Maoni yakigongana

Maoni mawili si kura. Yakigongana, omba madaktari hao wawasiliane, au suala lako lijadiliwe na jopo la mabingwa wa moyo, upasuaji na usingizi kwa pamoja. Anayezunguka kutoka hospitali moja hadi nyingine akimtafuta atakayemwambia analotaka kusikia, hutumia muda ambao moyo wake hauna.

Katika kipindi chote cha kusubiri, mgonjwa asiache dawa, asikose kipimo cha INR, na asichanganye warfarini na dawa za mitishamba bila kumjulisha daktari. Mboga za majani kama mchicha na kisamvu haziharamishwi. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana siku hadi siku. Aidha, amjulishe daktari wa meno kwamba ana valvu bandia kabla ya kung'olewa jino.

Wakati usiofaa kusubiri

Zipo hali ambazo ushauri wa pili hauna nafasi ya kutangulia: kubanwa pumzi ghafla, kuzimia, mdomo kwenda upande au mkono kupooza, homa ya siku kadhaa yenye kutetemeka, kutokwa damu kusikokoma, au mlio wa valvu ya chuma kufifia ghafla. Mwenye dalili hizo afikishwe mara moja katika hospitali iliyo karibu, na maswali mengine yafuate baadaye.

Hatimaye, kinga bora ya upasuaji wa pili ni kuzuia hata ule wa kwanza. Mtoto anayelalamika koo na homa apelekwe kituo cha afya, na aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi asikose sindano zake za penisilini kila baada ya wiki tatu hadi nne kama alivyoelekezwa. Kwa aliyekwisha kuwekewa valvu, silaha yake ni kumbukumbu zilizotunzwa, kliniki isiyorukwa, na ujasiri wa kuuliza kabla ya kuamua.