Divai ya Povu kwa Mbinu ya Mababu: Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kukitaja kileo kitokanacho na zabibu, na yote mawili yaliletwa na wageni. Mvinyo ni neno la Wareno, vinho, lililovishwa kiambishi likapata sura ya Kibantu, ingawa kwa watumiaji wengi neno hilo limepanuka hata likawa jina la kileo kikali chochote. Divai nalo ni la Wafaransa, du vin, ambamo kijineno cha kisarufi kiliganda na nomino vikawa neno moja. Divai ndilo litakalotumika hapa, kwa kuwa halijapoteza uhusiano wake na zabibu.

Makala haya yanakusudia kueleza tawi moja la utengenezaji wa divai ambalo ni nadra kuzungumziwa kwa Kiswahili, nalo ni divai ya povu inayotengenezwa kwa mbinu iitwayo kwa Kifaransa méthode ancestrale, yaani mbinu ya mababu. Aghalabu divai ya povu inapotajwa, fikira za watu hukimbilia champagne. Hata hivyo, kabla champagne haijawa na umbo inalojulikana nalo leo, kulikuwa na njia nyingine, nyepesi kuielezea na ngumu kuitenda. Msomaji asiyetumia kileo, kwa sababu za dini au nyinginezo, hana haja ya kuonja chochote ili ayafuate maelezo haya. Suala lenyewe ni la sayansi na historia na, kwa kiasi kisicho kidogo, la lugha.

Sukari, Chachu na Chupa

Zabibu zilizoiva zina sukari. Zikikamuliwa, chachu iliyo kwenye maganda yake na katika vyombo vya ghalani huanza kuila sukari hiyo na kuigeuza kuwa vitu viwili: alkoholi na gesi ya kaboni dioksaidi. Kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai ni jambo lililothibitishwa na Louis Pasteur kuanzia mwaka 1857. Watengenezaji wa kale waliona tu kwamba maji ya zabibu "yanachemka" bila moto. Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki ameliona jambo hilohilo katika tembo la mnazi. Likigemwa asubuhi huwa tamu, ifikapo jioni limeshakuwa kali, na likifungiwa katika chupa iliyozibwa barabara, mwenye kuifungua na ajihadhari.

Katika divai ya kawaida, gesi huachwa itoroke. Pipa huwa wazi kwa kiasi fulani, chachu humaliza sukari, na kinachobaki ni kinywaji kilichotulia. Siri yote ya mbinu ya mababu ni kuihamisha divai kutoka pipani hadi chupani kabla chachu haijamaliza kazi yake. Uchachukaji ulioanzia pipani huendelea ndani ya chupa, gesi hukosa njia ya kutoka, nayo huyeyukia ndani ya divai ikisubiri siku kizibo kitakapoondolewa. Hakuna sukari wala chachu inayoongezwa. Uchachukaji ni mmoja tu, uliogawanywa makao mawili.

Mbinu ya champagne ni tofauti. Huko divai huachwa kwanza ikamilike na kutulia kabisa. Kisha hutiwa chupani pamoja na chachu mpya na sukari iliyopimwa, ili uchachukaji wa pili uanze. Hesabu yake inajulikana. Takriban gramu 4 za sukari katika kila lita huzalisha shinikizo linalokaribia lile la angahewa moja, hivyo gramu 24 huleta shinikizo la mara sita hivi. Mtengenezaji wa champagne anaweza kuipima sukari hiyo kwa mizani. Mwenzake wa mbinu ya mababu hana anachoongeza. Ana kazi ya kuotea sukari iliyosalia katika kitu ambacho hakijaacha kubadilika. Akiwahi kwa siku mbili tatu, sukari ni nyingi mno na chupa zinaweza kupasuka. Akichelewa kwa muda huohuo, chachu imekwisha kula kila kitu na divai haitakuwa na povu. Mavuno ya mwaka mzima hutegemea uamuzi wa asubuhi moja. Siku hizi vipo vipimo vya uzito wa maji ya zabibu na maabara za kupima sukari, lakini chachu ya asili haifuati ratiba, na mapipa mawili yaliyojazwa siku moja huweza kuachana mwendo.

Baridi ndiyo msaidizi mkuu. Chachu husinzia halijoto inaposhuka na kuamka inapopanda. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, zabibu zilizovunwa mwezi wa Septemba au Oktoba zilianza kuchachuka, kisha baridi ikazima mwendo huo kabla sukari haijaisha. Divai ikadhaniwa imekamilika, ikatiwa chupani, na majira ya kuchipua yalipofika chachu ikaamka. Yumkini divai ya kwanza ya povu haikubuniwa na mtu yeyote, ilijitokeza.

Limoux na Die

Mji unaodai haki ya utangulizi ni Limoux, ulioko kusini mwa Ufaransa, si mbali na Carcassonne. Mapokeo ya huko yanasema kwamba mwaka 1531 watawa wa Kibenedikto wa abasia ya Saint-Hilaire waligundua kuwa divai yao iliyozibwa chupani ilikuwa imeanza kutoa povu. Mwaka huo unapaswa kuchukuliwa kama mapokeo yanavyochukuliwa na mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi, yaani kwa heshima na kwa tahadhari. Lililo dhahiri ni kwamba Dom Pérignon, mtawa wa Hautvillers ambaye hadithi za kibiashara humpa sifa ya kubuni povu, alizaliwa mwaka 1638, zaidi ya karne moja baada ya tarehe hiyo ya Limoux, na sehemu kubwa ya jitihada zake ilikuwa kulizuia povu, lililohesabiwa wakati huo kuwa kasoro. Aidha, mwaka 1662 Mwingereza Christopher Merret aliieleza Royal Society ya London jinsi wauza divai wa nchi yake walivyokuwa wakiongeza sukari katika divai ili ipate uchangamfu. Madai ya kumtafuta mbunifu mmoja, basi, hayana mashiko.

Divai ya Limoux huitwa Blanquette, jina lenye maana ya "nyeupe ndogo" katika lahaja ya huko. Ile ya mbinu ya mababu hutengenezwa kwa zabibu za aina ya Mauzac peke yake. Ni tamu, ina harufu ya tufaha, na alkoholi yake haizidi asilimia 7 hivi, yaani karibu nusu ya divai ya kawaida. Desturi ya huko inataka itiwe chupani mwezi wa Machi, mwezi mwandamo unapopungua. Mwanasayansi atatabasamu, ila Machi ndio wakati ambapo baridi inaanza kulegea.

Mfano wa Die unafundisha zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsi "mababu" wanavyoweza kuvaa mavazi mapya. Die uko katika bonde la mto Drôme, chini ya milima ya Vercors, na divai yake, Clairette de Die, hutengenezwa hasa kwa zabibu za Muscat, zikisaidiwa na zile za Clairette. Maji ya zabibu huchachushwa polepole katika baridi, hutiwa chupani yangali na sukari nyingi, na kuendelea humo kwa miezi kadhaa. Baadaye chupa hufunguliwa kwa mitambo inayohifadhi shinikizo, divai huchujwa ili kuondoa chachu, kisha hurejeshwa katika chupa safi. Kwa njia hiyo mnywaji hupata kinywaji kitamu, cheupe kama kioo, chenye alkoholi ya asilimia 7 hadi 9 hivi. Je, hiyo bado ni mbinu ya mababu? Sheria ya Ufaransa inasema ndiyo. Uchachukaji umebaki mmoja na povu limezaliwa chupani, na hivyo ndivyo vigezo vya msingi. Kichujio ni cha karne ya 20, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba mababu walipenda mashapo.

Mwishowe ipo Cerdon, katika eneo la Bugey lililo kati ya Lyon na mpaka wa Uswisi, inayotoa divai ya rangi ya waridi kwa mbinu hiyo, kwa zabibu za Gamay na Poulsard.

Jadi Mbili

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapokwama. Wafaransa wana méthode ancestrale na pia wana méthode traditionnelle, na hayo si mamoja. La pili ni jina la mbinu ya champagne inapotumiwa nje ya mkoa wa Champagne. Mfasiri mwenye haraka ataandika "mbinu ya jadi" kwa yote mawili, na papo hapo atakuwa ameyaunganisha mambo ambayo jina lilikusudiwa kuyatenganisha. Inafaa zaidi ancestrale iitwe "ya mababu" na traditionnelle iitwe "ya kimapokeo", na mwandishi azingatie mgawanyo huo tangu mwanzo hadi mwisho wa maandishi yake.

Kinaya ni kwamba mapokeo hayo ni machanga kijina. Watengenezaji wengi wa nje ya Champagne waliandika méthode champenoise kwenye chupa zao hadi sheria ya Umoja wa Ulaya ilipowazuia mwaka 1994, ndipo traditionnelle ikashika nafasi yake. Kwa upande wake, mbinu ya mababu iliwahi kuitwa méthode rurale, mbinu ya mashambani. Kubadili "shamba" kuwa "mababu" ni kukipandisha hadhi kitu kilekile bila kukigusa. Wanaosomea semantiki watalitambua tendo hilo upesi.

Jina la tatu ni pétillant naturel, ambalo wapenzi wa divai hulifupisha kuwa pét-nat. Lilienea kutoka bonde la Loire kuanzia miaka ya 1990, na Christian Chaussard, mtengenezaji wa divai aliyefariki mwaka 2012, hutajwa mara nyingi miongoni mwa waasisi wa mwamko huo. Kitenzi pétiller, kutoa cheche au vipovu, kinatokana na neno la Kifaransa ambalo halitajwi mezani kwa kuwa linahusu hewa ya tumboni. Tafsiri sisisi haipendekezwi.

Tatizo la jina hilo si asili yake bali ulegevu wake. Limoux, Die na Cerdon zina kanuni zinazotaja zabibu, maeneo na hatua za kazi. Mwaka 2007 Montlouis-sur-Loire nayo ilipata kanuni zake chini ya jina pétillant originel. Lakini pét-nat, peke yake, haina kanuni inayoilinda kote inakouzwa. Chupa moja huweza kuwa tunda la uchachukaji mmoja wa asili. Nyingine, yenye jina hilohilo, imeongezwa sukari na chachu kama ya kimapokeo, na bei zikawa sawa. Mtengenezaji aliyehatarisha mavuno yake anauza ubavuni mwa asiyehatarisha chochote, na mnunuzi hana njia ya kuwatofautisha kwa kusoma lebo. Col fondo ya kaskazini mwa Italia huchanganywa kila mara katika kundi hili kwa sababu ina mashapo, ilhali nyingi miongoni mwake hupitia uchachukaji wa pili.

Chupa Mezani

Divai za mbinu hii aghalabu huwa na shinikizo dogo kuliko champagne, nyingi zikiwa karibu nusu yake, na baadhi huzibwa kwa kifuniko cha bati kama cha soda. Hilo halizifanyi kuwa pole. Mashapo yaliyomo huisukuma gesi itoke kwa mkupuo, na chupa iliyotikiswa au iliyopata joto huweza kumwaga robo ya kilichomo kabla bilauri haijafika. Huwekwa wima katika baridi kwa siku nzima, mashapo yakatua, kisha hufunguliwa taratibu, kifuniko kikilegezwa kidogo kidogo hadi mvumo upungue. Anayependa divai angavu humimina kwa mkono mtulivu na kuacha kidole kimoja chini ya chupa. Baadhi ya wanywaji hufanya kinyume. Huipindua chupa mara moja kabla ya kuifungua, mashapo yakasambaa, wakanywa divai iliyo na ukungu na ladha ya mkate mbichi, kama ilivyonywewa kabla ya vichujio.