Waya mwembamba wapoteza umeme wa sola Karagwe, Kyerwa

KATIKA wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, nyumba nyingi zimetawanyika katikati ya migomba, na si zote zilizofikiwa na nguzo za umeme. Kwa wasiofikiwa, paneli ya sola na betri ya volti 12 ndizo tegemeo la taa, redio, televisheni na simu.

Hata hivyo, mara nyingi waya hununuliwa mwisho, kwa fedha iliyobaki baada ya kulipia paneli na betri. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kifaa cha wati 60 kwenye umeme wa volti 230 huvuta mkondo wa takriban ampea 0.26. Kwenye volti 12, kifaa chenye wati hizo hizo huvuta ampea 5. Kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa, ndivyo waya mwembamba unavyopata joto na kupoteza umeme njiani.

Mathalani, televisheni ya wati 60 ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 20, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 utapoteza takriban volti 1.2, sawa na asilimia 10. Waya wa milimita 4 utapoteza asilimia 3.6, na wa milimita 6 asilimia 2.4.

Hesabu hiyo ndiyo itumikayo hata kwenye boti zenye betri. Baraza la Boti na Yoti la Marekani (ABYC) linataka upotevu usizidi asilimia 3 kwa vifaa muhimu vya kielektroniki. Kwa kipimo hicho, televisheni yetu inahitaji waya wa milimita 6. Ikisogezwa hadi mita 5 kutoka kwenye betri, waya wa milimita 2.5 unatosha.

Mnunuzi akwangue pia ncha ya waya. Ikionekana nyeupe ndani, huenda ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa shida zaidi.

Aidha, fyuzi ifungwe karibu na betri, upande wa chanya. Nyaya zikigusana bila fyuzi, betri humimina mkondo mkubwa unaoweza kuunguza nyumba.

Kabla ya kwenda dukani, jumlisha wati za vifaa, gawanya kwa 12 kupata ampea, kisha pima umbali.