Rungwe, Kijiji Chini ya Mlima

Sisi wa Hasamba tumezoea nchi ya wazi, ya mahindi na kahawa. Basi tulipopita Mbeya na kuielekea Rungwe, tuliona kana kwamba tumeingia nchi nyingine: migomba pande zote, mashamba ya chai, ukungu, na mvua isiyobisha hodi. Juu ya vyote umesimama mlima Rungwe, kimo chake karibu mita 2,960, na kijiji kimekaa chini yake.

Hapo walifika Wamoraviani kutoka Ujerumani mwaka 1891, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao. Wakajenga, wakalima, wakajifunza Kinyakyusa. Wala hakubatizwa mtu. Ukapita mwaka, na wa pili, na wa tatu. Wageni wengi huyatazama majengo ya kale tu, wakaenda zao. Kwetu sisi kungoja huko ndiko kwa kutazamwa. Aliyebatizwa wa kwanza, mwaka 1897, hakuwa mtemi wala mzee wa baraza, bali mwanamke, Fiabarema. Akaitwa Numwagire, maana yake, Nimempata.

Tena habari hii yatuhusu. Traugott Bachmann alikaa kwanza kwa Wanyakyusa, ndipo mwaka 1899 akaja Unyiha kuanzisha misioni ya Mbozi. Agano Jipya la Kinyiha, lililotoka mwaka 1913, ni kazi yake. Kwa hiyo mwalimu atakaye kuwapeleka watoto Rungwe, na awapitishe Mbozi kwanza, wajue wanakwenda kuona nini. Nao wachukue nguo nzito.