Springi Hubeba, Shokomzoba Hutuliza

Gari litumikalo kila siku Kismayu lina maadui watatu: mchanga, mashimo na chumvi ya bahari. Askari anayetaka kulifungia gari lake shokomzoba za kurekebishika, yaani zile ambazo ugumu wake au kimo cha gari huweza kubadilishwa, yampasa azingatie mambo matatu.

Kwanza, springi ndiyo ibebayo uzito. Kazi ya shokomzoba ni kutuliza kudunda kwake. Kukaza shokomzoba hakuliongezei gari nguvu ya kubeba. Basi pima kwanza mizigo na abiria wa kila siku, ndipo uchague springi iwawezayo.

Pili, gari lisiinuliwe kupita kiasi. Lililoinuliwa mno hupinduka kwa wepesi konani, na mipira ya breki huweza kuvutika hata ikapasuka.

Tatu, katika pwani hii ya Wabajuni hewa ya bahari hula chuma. Nati za kurekebishia kimo zisipooshwa na kupakwa grisi, hushika kutu zikakwama. Kwa hiyo ni afadhali kuchagua shokomzoba za kurekebisha ugumu tu, pamoja na springi za kimo kimoja. Maisha ya abiria ni amana.